Maji Yaliyochemshwa Mara Tatu

Elisha Ndahani wa Makole hajawahi kuwa profesa wa kitu chochote. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari. Aliosha vioo, alifunga kabati la tindikali, akawakaripia wanafunzi waliopiga chafya karibu na mizani. Ni kazi ya heshima na aliifanya vizuri. Balaa lilianza wanafunzi walipomwita Profesa kwa kumtania. Mtu mwingine angecheka, yakaisha. Yeye alilipokea jina lile kama mtu anayepokea shahada, na siku ya kustaafu aliondoka nalo, pamoja na kipimajoto kimoja cha maabara ambacho, kwa maelezo yake mwenyewe, alizawadiwa.

Kipimajoto hicho hukaa mfuko wa shati, pale wenzake wanapoweka kalamu. Hukitoa kanisani, hukitoa msibani, hukitoa kwenye mkutano wa mtaa. Akiletewa uji, anaupima kwanza. Mkewe Penina, ambaye mtaa mzima humwita Mama Denis, aliolewa naye kule Kibakwe wakati mume huyo akiwa kijana mwembamba mwenye haya, na mpaka leo husema hajui yule kijana alipotelea wapi.

Katika yote aliyoyajua, au aliyodhani anayajua, la kwanza lilikuwa maji. Ukitaka asubuhi yako ipotee, mwulize Profesa habari ya maji. Kanuni yake ilikuwa moja: maji huchemshwa mara tatu. Mara ya kwanza kuua wadudu, mara ya pili kuua mayai ya wadudu, mara ya tatu kuwamaliza wale waliojifanya wamekufa. Kila mara yanaachwa yapoe, yanarudishwa jikoni, mpaka sufuria iliyokuwa imejaa pomoni ibaki theluthi. Hicho kilichobaki alikiita maji yaliyokomaa. Yalikuwa na chumvichumvi, na chai iliyopikwa kwayo ilifanya utando juu, lakini nani angethubutu kuiacha chai ya Profesa kikombeni? Watu waliinywa, wakaguna, wakasema ahsante.

Kisima kilikuja baadaye, na kisima ndicho kilichomharibu kabisa.

Serikali ilipohamia Dodoma, mji ulijaa watu kabla mabomba hayajapata habari. Kule Makole bomba likawa linatoa maji siku mbili na upepo siku tano. Wenye uwezo wakachimba visima uani. Profesa naye akachukua kiinua mgongo chake akaita mtambo wa kuchimbia. Fundi wa mtambo alimshauri amtafute mtaalamu wa kupima ardhi, aonyeshwe mahali panapofaa. Profesa akamtazama kwa huruma. Akafunga mikono nyuma, akauzunguka ua wake taratibu, mwisho akasimama mbele ya mpapai.

Ulikuwa mpapai wa ajabu. Katikati ya kiangazi, wakati Dodoma nzima ni vumbi na hata mchicha umekata tamaa, wenyewe umesimama na majani mapana ya kijani, umebeba mapapai ya kubebwa kwa mikono miwili.

"Mti hausemi uongo," akamwambia fundi. "Mizizi hii imeshafika majini. Chimba hapa."

Penina alikuwa kizingitini anachambua mlenda. Akainua uso. "Baba Denis, hapo palikuwa choo."

"Choo gani?"

"Choo chetu cha kwanza. Kilipojaa wewe ulikuwa semina Iringa. Tukakifukia, mpapai nikaupanda mwenyewe juu yake, ndiyo maana umenawiri. Na cha pili tulikifukia hapo nyuma yake. Na hiki cha sasa ni hatua kumi kutoka hapo ulipo, nenda kahesabu."

Profesa akacheka kile kicheko cha kuwasamehe wasiosoma. "Mama Denis, choo ni mita nne kwenda chini. Maji ni mita thelathini. Uchafu hauna miguu."

Fundi alitazama pembeni. Alikuwa ameajiriwa kutoboa ardhi, si kuamua ugomvi wa watu waliooana. Akatoboa. Maji yakatoka siku hiyohiyo, meupe, baridi, yakaruka mpaka juu ya paa, na Profesa akamgeukia mkewe bila kusema neno, jambo ambalo lilimuudhi Penina kuliko kama angesema.

Ukafanyika uzinduzi. Mchungaji alikuja akaomba. Utepe ukakatwa kwa mkasi wa kushonea. Ubavuni mwa tangi, kwa rangi nyekundu, yakaandikwa maneno: MAJI SALAMA – PROF. E. NDAHANI. Bomba moja likaenda jikoni, moja bafuni, na koki moja ikawekwa kando ya ua kwa ajili ya majirani. Hapa tumpe haki yake: hakumtoza mtu hata siku moja. Malipo aliyoyataka yalikuwa ya namna nyingine. Tangu asubuhi wanawake walipanga ndoo pale kokini, na kila mmoja kabla ya kufungua maji alisema, "Shikamoo, Profesa." Yeye akiwa kwenye kiti chake cha kamba hujibu, "Marahaba, maji yasimwagike." Aliyesema shikamoo kwa sauti kuliko wote alikuwa Mwanahawa wa nyumba ya pili, mama wa Kondoa, mkewe Halfani anayeuza alizeti. Alikuwa na mimba kubwa siku zile, na Profesa alikuwa akimbebea ndoo mpaka mlangoni kwake. Mji mzima haukuwa na mtu mwenye furaha kama yeye.

Mtoto wake wa pekee, Denis, yuko kwenye ujenzi wa barabara upande wa Kondoa, hurudi mwisho wa mwezi. Mkewe Denis anaitwa Bupe, Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake. Nyumba yao haijaezekwa, kwa hiyo Bupe alikuwa akiishi Makole kwa wakwe zake, na hapo ndipo alipojifungulia mwezi wa tano. Alipata mtoto wa kike. Akaitwa Zipora, jina la marehemu mama yake Profesa. Siku Profesa alipowekewa yule mtoto mikononi alimwita "mama", akalia mbele ya wageni, na kipimajoto kikaanguka mfukoni asijali. Alimpenda mtoto yule. Lazima hilo lieleweke kabla hatujaendelea, kwa sababu yaliyofuata yote yalitoka kwenye upendo, na ndiyo maana yanatia hasira.

Kabla mtoto hajamaliza mwezi, Bupe akapata jipu la ziwa, akapasuliwa, maziwa yakakata. Daktari akaelekeza mtoto apewe maziwa ya kopo. Bupe akanunua kopo, na kwa kuwa aliona ule ukoko mweupe ndani ya birika la nyumba ile, akanunua na katoni ya maji ya chupa ya kuyachanganyia. Akaificha uvunguni mwa kitanda chake. Ikaonekana, kwa sababu katika nyumba ya Profesa hakuna uvungu usiokaguliwa.

Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema tu, "Maji ya dukani, katika nyumba yenye kisima?" Halafu akasusa chakula. Jioni ile ugali ukaletwa, akausukuma. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa. Sasa, baba mkwe akisusa chakula alichopika mkwe wake, hilo si jambo la kumalizwa kwa kucheka. Majirani huuliza, shangazi hupigiwa simu Kibakwe, na lawama yote humshukia yule mwanamke aliyekuja na chupa zake. Bupe ana shahada mbili, tena za kweli. Ofisini kwake watu humsikiliza. Lakini pale hata kwenye kiti cha kamba hakuruhusiwa kukaa, sembuse kubishana na mwenye kiti. Siku ya tatu alipiga magoti mbele ya sahani iliyopoa.

"Baba, nisamehe. Mtoto atatumia maji ya hapa."

Profesa akasamehe papo hapo, kwa moyo mweupe kabisa, na kuonyesha kwamba hana kinyongo akatangaza kwamba kuanzia siku ile maji ya mtoto atayachemsha mwenyewe. Kwa watu wengine mara tatu ilitosha. Kwa Zipora aliendelea mpaka sufuria ibaki robo. Alisimama juu ya jiko la mkaa na kipimajoto chake, jasho likimtoka, akamimina kile kilichobaki kwenye chupa ya chai maalumu aliyoibandika karatasi: MTOTO. USIGUSE. Dodoma yote haikuwa na babu aliyemhangaikia mjukuu wake kama yule.

Julai ikaja na upepo wake. Bupe akawa wa kwanza kuona. "Mama, midomo ya mtoto mbona kama ya zambarau?"

Penina akamtazama mtoto. Akatazama na kucha. "Baba Denis, njoo uone."

Profesa akaja, akaweka kipimajoto kwapani kwa mtoto, akasoma. "Hana homa. Ni baridi hii. Mvalisheni sweta."

Mtoto akavalishwa sweta. Siku ya pili akavalishwa sweta mbili, na Profesa akaongeza muda wa kuchemsha. Siku ya tatu Zipora akawa amelegea, hataki hata kulia, na rangi yake imekuwa ya jivu, kama mtoto aliyepakwa vumbi. Bupe hakuomba ruhusa ya mtu. Alimfunga mgongoni, akatoka mlangoni bila kuaga, akasimamisha bajaji. Penina akapanda upande huu. Profesa, ambaye hakuitwa, akapanda upande ule.

Hospitali walikuta daktari kijana, mwanamke mfupi mwenye hijabu ya kijani, anaitwa Amina. Akamwekea mtoto oksijeni. Rangi haikubadilika. Akatoa damu, akaishikilia ile sindano kwenye mwanga wa dirisha, na wote watatu waliona: damu haikuwa nyekundu, ilikuwa ya rangi ya kahawa.

"Mtoto anakunywa nini?" akauliza.

"Maziwa ya kopo," Bupe akasema.

"Na maji?"

Profesa akajongea mbele. Aliona wakati wake umefika. "Daktari, upande wa maji usiwe na wasiwasi. Nayasimamia mimi. Nayachemsha mara tatu, mpaka yabaki robo."

Daktari Amina akaweka kalamu chini. "Shikamoo, mzee. Maji ya wapi?"

"Marahaba. Ya kisima changu mwenyewe. Uani."

"Choo kiko wapi?"

Penina akamtazama mumewe, na mumewe akautazama ukuta, ambako kulikuwa na picha ya mama anayenyonyesha.

"Hatua kumi," Penina akasema mwishowe. "Na viwili vingine vya zamani, vimefukiwa. Kisima kiko juu ya kimoja."

Daktari hakuwa na muda wa mahubiri. Akaagiza dawa ya mshipani, dawa ya rangi ya bluu iliyokoza kama wino, na ajabu ni kwamba dawa ya bluu ndiyo iliyomwondoa mtoto yule kwenye ubluu. Haikupita saa nzima, midomo ikaanza kurudi. Zipora akalia. Bupe aliposikia kilio kile akakaa sakafuni, akalia naye. Baadaye nepi ilipobadilishwa, mkojo ulikuwa wa kijani, Penina akapiga kelele mpaka wauguzi wakaja mbio, wakamweleza kwamba ni dawa inatoka.

Ndipo daktari akamgeukia mzee. "Choo kikikaa ardhini miaka mingi, uchafu wake unageuka kuwa chumvi inaitwa naitreti. Huioni, huinusi, nayo inashuka na maji hata mita thelathini. Mtu mzima anaweza kuinywa asione kitu. Mtoto mchanga inamharibia damu, damu inashindwa kubeba hewa."

"Lakini nilichemsha," Profesa akasema.

"Ndiyo. Kuchemsha kunaua kilicho hai. Hii chumvi haina uhai, utaiuaje?" Akamgeukia Penina. "Mama, mchuzi ukiuzidisha chumvi, ukaurudisha jikoni ukauchemsha mpaka ukauke nusu, chumvi inapungua?"

"Inazidi," Penina akasema. "Inakuwa kali, huwezi kuutia mdomoni. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua."

"Basi mzee alikuwa anamkaushia mtoto mchuzi. Angempa maji yale mabichi, angemdhuru robo tu ya alivyomdhuru." Alisema hivyo kwa adabu kabisa, na akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Zipora alilazwa siku mbili. Siku ya kutoka, Bupe alisimama mlangoni mwa wodi, mtoto kifuani, akasema maneno ambayo mkwe hasemi. "Baba, Zipora harudi nyumbani kwenu mpaka koki zile zifungwe, na majirani waambiwe kwa nini zimefungwa." Alisema kwenu. Akaenda kwa dada yake, mtaa wa Kisasa, na Penina akafuatana naye kumsaidia mtoto. Profesa akarudi Makole peke yake.

Akachota maji ya kisima kwenye chupa, akayapeleka maabara ya maji kwa kijana anayeitwa Hashimu, fundi mpimaji. Jumanne majibu yakatoka. Kinachoruhusiwa ni miligramu hamsini kwa lita. Kisima cha Profesa kilikuwa na mia mbili na kumi.

"Tutachuja," Profesa akasema haraka.

"Unaweza, mzee, lakini si kwa chujio lolote tu," Hashimu akasema.

Profesa hakungoja amalize. Akanunua chujio la ndoo mbili zilizopandana, lenye mshumaa wa udongo mweupe ndani. Akanunua na lingine la mkaa. Jumatano yote alichuja. Alhamisi akampelekea Hashimu chupa tatu, zimeandikwa kwa mwandiko wa maabara. Ijumaa akasomewa majibu. Ya mshumaa: mia mbili na kumi. Ya mkaa: mia mbili na saba. Ya tatu, aliyoyachemsha mwenyewe mara tatu kwa kanuni yake, mia sita na thelathini.

Hashimu alilisoma la mwisho mara mbili, akidhani mashine imekosea. "Mzee, haya ya tatu umeyatoa wapi?"

"Endelea," Profesa akasema.

"Mshumaa unakamata tope na vijidudu. Mkaa unakamata harufu na dawa ya klorini. Naitreti imeyeyuka ndani ya maji, inapita humo kama kwake. Kinachoiweza ni ile mashine inayosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana, na yenyewe inamwaga maji mengi kuliko inayokupa, utando unabadilishwa, na maji lazima yapimwe tena. Kwa mtoto mchanga, tumia maji yaliyokwisha pimwa. Kwa kisima chako..." Akasita, kwa kuwa alilelewa vizuri. "Kisima chako tumia kuoshea bajaji."

Tangu Jumanne, basi, namba zilipothibitisha maneno ya daktari, Profesa alikuwa anajua. Penina alipopiga simu jioni ya Jumanne ile kutoka Kisasa kuuliza kama amewaambia majirani, alijibu, "Nimeshawatangazia." Na kweli alikuwa ametangaza. Alikwenda mpaka kwenye koki na kufuli mkononi, mama mmoja akamwambia, "Shikamoo, Profesa," na mkono ule wenye kufuli ukarudi mfukoni wenyewe. Badala yake aliingia ndani, akaandika, akaenda kuchapisha, akabandika pale juu ya koki karatasi iliyosema hivi:

TANGAZO. Watumiaji wote wa chanzo hiki mnajulishwa kuwa, kufuatia uchunguzi wa kitaalamu, imebainika uwepo wa naitreti miligramu 210 kwa lita. Hivyo, watumiaji wa rika la awali mnashauriwa kuzingatia matumizi mbadala kadiri mazingira yatakavyoruhusu. Imetolewa na Prof. E. Ndahani, Msimamizi wa Chanzo.

Dodoma ni mji wa matangazo. Watu wamezoea karatasi zenye herufi kubwa juu na jina la mkubwa chini, nao huzipita kwa heshima. Wanawake waliitazama, wakatikisa kichwa, wakachota maji. Jumatano wakachota. Alhamisi wakachota. Profesa alikuwa akiwaangalia kupitia pazia, akijiambia kwamba mtu mzima akishaandikiwa ameshaambiwa, na ya kusoma ni juu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye methali hiyo aliijua, aliwahi kuwatolea vijana wa kanisa somo zima juu yake.

Jumamosi asubuhi Mwanahawa akaja na ndoo. Alikuwa amejifungua majuma sita yaliyopita, mtoto wa kiume, Nurdini. Profesa alikuwa mlangoni, hakupata pa kujificha.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, ila ana njaa kama baba yake. Maziwa yangu hayamtoshi. Namzimulia ya ng'ombe kwa maji yako haya." Akafungua koki. Maji yakaanza kuijaza ndoo. "Na nimesoma tangazo lako. Mia mbili na kumi! Nimemwambia Halfani, huyu mzee Mungu ampe umri. Chumvi ya dukani wanatia madini joto, na Profesa katutilia naitreti."

Profesa akatoa kipimajoto mfukoni. "Mama, hiyo naitreti... ni kiambata ambacho kitaalamu..."

"Najua, wewe tena," Mwanahawa akasema, akiangalia ndoo. "Nilikuwa nataka nikuulize, kwa mtoto nikichemsha haitapungua nguvu? Maana ulitufundisha mara tatu."

"Unachemsha?"

"Mara tatu. Mpaka theluthi."

Kulikuwa na wanawake wengine wanne pale, na ndoo zao. Profesa aliwatazama. Akaangalia lile jina lake jekundu kwenye tangi. Akatafuta neno lingine, la heshima, la kukinga uso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakulipata.

"Funga koki!" akapiga ukelele. "Fungeni! Yana mavi! Ni choo chetu hicho, choo changu, nimechimba kisima juu ya choo! Zipora nusura afe kwa maji haya. Kuyachemsha ndiyo kunazidisha. Mwanahawa, midomo ya mtoto ikoje?"

Mwanahawa alimwangalia muda mfupi, kama mtu anayengoja mzaha uishe. Halafu ndoo ikaanguka, akakimbia. Profesa naye akakimbia, na ni mtu ambaye mtaa haukuwahi kumwona akienda mbio. Akavuka uzio, akaingia nyumba ya watu bila hodi. Nurdini alikuwa mkekani, ameamka. Profesa akapiga magoti, akamfunua mdomo, akamtazama kucha moja moja. Hazikuwa za zambarau. Wala hazikuwa nyekundu kama alivyotaka ziwe. Alitazama mpaka macho yakamtoka machozi na bado hakuweza kusema ni rangi gani.

"Mpeleke hospitali," akasema. "Mwulizie Daktari Amina. Mwambie ni maji ya kisima cha Ndahani, atajua. Usimpe kitu kingine njiani."

Halfani alikuwa ameshasimamisha bajaji. Mwanahawa akamfunga mtoto kitengeni, akatoka, akafika mlangoni mwa bajaji akageuka. Hakusema shikamoo.

"Umejua lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumamosi." Sauti yake ilikuwa ya chini, na wale wanawake wa kokini walikuwa wamekuja mpaka pale, wanasikia. "Mwanangu anakunywa chupa tano kwa siku. Wewe ni mtu wa hesabu, Profesa. Ni chupa ngapi hizo?"

Alijua jibu kabla hajaulizwa. Alikuwa amelipiga kichwani pale alipokuwa amepiga magoti.

"Ishirini," akasema.

Mwanahawa akaingia, akasogea, akamwachia nafasi kando yake.

"Panda. Hiyo ishirini ukamwambie daktari mwenyewe."